Watabibu na Ndugu Wanaouguza Wagonjwa wa Kiharusi Pwani

Kwa muda mrefu watabibu wa pwani walimhesabu ndugu anayeuguza kuwa mikono ya ziada tu. Sewa Haji, tajiri wa misafara ya Bagamoyo, alitoa fedha za hospitali iliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1897 na kuhamia Muhimbili mwaka 1956. Katika hospitali kama hiyo, enzi za ukoloni manesi walikuwa wachache, hivyo kulisha, kuogesha na kufua kukawa kazi ya ndugu. Hata hivyo, utaratibu wa wodi ulimtaka akae nje mpaka saa za kuona wagonjwa. Alihitajika na kufukuzwa kwa wakati mmoja.

Baadaye ndugu akalaumiwa kwa kumchelewesha mgonjwa kufika hospitali. Utafiti wa mwaka 2008 ulikuta wakazi wa Dar es Salaam wakihusisha kiharusi na majini na uchawi zaidi kuliko wenzao wa Hai, Kilimanjaro, na wahudumu wa afya hulalamika kuwa ndugu huanzia kwa mganga wa kienyeji. Hiyo ni nusu ya habari. Tangu 1993, hospitali za serikali zilipoanza kudai uchangiaji wa gharama, familia hupiga hesabu kwanza, na kutoka Msata hadi hospitali ya Tumbi, Kibaha, au Muhimbili kuna nauli pia.

Mambo yalibadilika kazi ilipohamia nyumbani. Huduma za majumbani kwa wagonjwa wa UKIMWI, kuanzia miaka ya 1990, ziliwazoesha manesi kumfundisha ndugu badala ya kumwamrisha. Kisha utafiti wa 2003–2006 ukaonyesha wagonjwa wapya wa kiharusi wapatao 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka Dar es Salaam, baada ya kusawazisha umri. Wodi zisingewatosha.

Mtaalamu wa tiba ya viungo humwona ndugu kama mwanafunzi wake: amgeuze mgonjwa kila baada ya saa mbili asipate vidonda, amkalishe wima kabla ya kumnywesha uji asije akapaliwa, auinue mkono uliopooza bila kuuvuta begani. Mara nyingi somo hilo hutolewa siku ya kuruhusiwa, kwa haraka, na anayelisikia huenda asiwe ndiye atakayeuguza.

Hali ya muuguzaji mwenyewe huulizwa kwa nadra. Faili lina nafasi ya jina na simu ya ndugu wa karibu. Mgongo unaomuuma na shamba la nanasi alilolitelekeza Kiwangwa havina pa kuandikwa.