Bunia: ujumbe unaingia, mama anaenda kwanza kabini

Simu ikilia kambini na ujumbe ukasema pesa ya msaada imeingia, wengi hawashangilii. Wanabeba simu mpaka kabini, kwa kijana wanayemjua, aangalie kama ni kweli. Mgeni anaweza kusema ni ushamba. Lakini mji huu una sababu zake, na ni za zamani kuliko simu.

Tangu miaka ya 1970 Bunia ilikuwa na redio yake, Candip, iliyozaliwa kwenye ISP kwa kazi ya kufundisha. Watu waliizoea kama mwalimu wao. Vita ya Ituri ilipowaka, wenye silaha waliotawala mji waliishika, na redio ya mafundisho ikawa mdomo wao. Mitambo ilikuwa ile ile. Aliyeishika ndiye aliyebadilika, na wasikilizaji walilijua hilo mapema sana.

Radio Okapi ilianza tarehe 25/2/2002, chini ya Umoja wa Mataifa na shirika Hirondelle la Uswisi, ikisema Kifaransa na lugha nne za nchi, Kiswahili kikiwemo. Mwaka uliofuata, mwezi wa tano, jeshi la Uganda liliondoka Bunia na mapigano yakaingia mjini. Maelfu walikimbilia uwanja wa ndege na kambi ya MONUC. Kwa watu wa namna hiyo, habari ya redio ilipimwa kwa miguu: iliyosemwa asubuhi, mtu aliihakikisha njiani kabla ya jioni.

Pesa ya simu ilikuja baadaye. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, Kongo mwaka 2012. Kwa familia zilizokimbia Djugu usiku, faida ilionekana bila matangazo: nyumba ikichomwa, pesa ya ndani ya godoro inaungua nayo, ya kwenye simu inabaki. Simu ikipotea, namba inaweza kurudishwa, ikiwa mtu bado ana kadi ya mpigakura, ambayo kwa Wakongo wengi ndiyo kitambulisho. Na kadi nayo mara nyingi imeungua.

Halafu kura ya tarehe 30/12/2018. Kesho yake intaneti ilikatwa nchi nzima, ikabaki hivyo karibu wiki tatu. Wakati ule Ebola ilikuwa ikiua Kivu ya Kaskazini na Ituri; mpaka ilipotangazwa kwisha, tarehe 25/6/2020, ilikuwa imeua zaidi ya watu 2,200. Kwenye WhatsApp ilizunguka kwamba ugonjwa ni biashara tu. Matangazo ya serikali hayakuivunja habari hiyo. Waliosikilizwa zaidi ni waliougua wakapona, waliorudi kwenye vituo kulea watoto wa wagonjwa, wakasimulia kwa sauti yao.

Kabini nayo inafanya kazi hivyo hivyo. Wezi wanatuma ujumbe unaofanana na wa kampuni: pesa imekufikia kwa makosa, irudishe. Kijana hausomi hata mara mbili. Anafungua menyu ya pesa, anampa mama simu aandike mwenyewe namba yake ya siri, wanatazama salio pamoja. Kijana akiomba aambiwe namba hiyo, mama anachukua simu yake na kwenda kabini nyingine.