Nani Abaki Zamu? Likizo na Kazi za Krismasi katika Uwanda wa Ufipa

Katika Uwanda wa Ufipa sikukuu ya Krismasi huangukia katikati ya masika. Desemba ndiyo mwezi ambao mvua imekwisha kushika, mahindi na maharage yanapandwa, na mafungu ya udongo yaliyofunika majani tangu msimu uliopita hubomolewa ili ulezi upandwe. Kwa hiyo mtumishi mwenyeji wa Sumbawanga anayeomba likizo mwezi huo, mara nyingi haombi mapumziko. Anaomba siku za kulima.

Mtumishi mgeni naye alikuwa na dai lake. Tangu Mkoa wa Rukwa ulipoundwa mwaka 1974, ofisi, shule na hospitali zake zimepokea watumishi kutoka Kagera, Kilimanjaro, Mbeya na kwingineko. Kwao Krismasi ilikuwa wakati wa kurudi kwa wazazi. Lakini kabla barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, yenye kilomita zipatazo 223, haijatiwa lami katika miaka ya 2010 kwa fedha za msaada wa Marekani, masika yaliigeuza kuwa tope. Aliyekwenda Moshi alihesabu siku mbili au tatu za kwenda, na nyingine kama hizo za kurudi, iwapo gari halikukwama. Utaratibu wa utumishi wa umma wa kulipa nauli ya likizo mara moja katika kila miaka miwili uliongeza uzito wa jambo hilo, kwa maana aliyenyimwa Desemba ya zamu yake aliweza kukaa muda mrefu bila kuiona nyumba ya baba yake.

Walimu hawakupata shida kubwa, kwa kuwa shule hufungwa Desemba na likizo yao hufuata kalenda. Mzigo uliwaangukia zaidi wauguzi, matabibu, walinzi na mafundi wa maji na umeme. Mama mwenye uchungu wa kuzaa hangoji ofisi zifunguliwe tarehe 27. Zamani, mahali penye tabibu mmoja hapakuwa na wa kumwachia kazi: ndivyo ilivyokuwa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, alikohudumu Dkt. Adrian Atiman tangu mwaka 1889, na ambaye jina lake limepewa hospitali mjini Sumbawanga. Watumishi walipoongezeka ndipo lilipozuka swali la haki: kati ya wengi, nani abaki?

Sheria ilijibu sehemu tu ya swali hilo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, humpa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, na sikukuu zinazoangukia ndani yake huhesabiwa humo humo. Hivyo anayeanza likizo tarehe 20 Desemba hapati siku za ziada kwa ajili ya Krismasi na siku inayoifuata. Anayefanya kazi siku ya sikukuu hulipwa mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa. Wakati wa kwenda likizo hupangwa na mwajiri, na hapo ndipo manung'uniko yalipoanzia. Mahali pengi orodha ya zamu ilibandikwa ukutani wiki chache kabla ya sikukuu, na majina ya tarehe 25 yakawa ya walioajiriwa karibuni na wasio na familia. Huo ulikuwa utaratibu mwepesi, lakini haukuwa wa haki, kwa kuwa kijana aliye mbali na kwao ndiye mwenye upweke kuliko wote siku hiyo.

Dawa iliyofaa zaidi haikutoka katika waraka wowote. Watumishi Waislamu walishika zamu za Krismasi, na Wakristo wakashika zile za Idd. Mpango huo ulitegemea kalenda, na mwaka 2000 kalenda iliukataa: Idd-el-Fitr iliangukia siku mbili tatu tu baada ya Krismasi, kila upande ukitaka ruhusa wiki ile ile. Penye hali kama hiyo, aliyepanga zamu kwa busara aliigawa siku yenyewe, huyu apate asubuhi ya ibada na yule apate jioni ya chakula.

Kanisa nalo ni mwajiri. Mchungaji, mwinjilisti na mwalimu wa kwaya hawawezi kupumzika tangu Majilio hadi Mwaka Mpya, na mtaa ulio mbali hupata ibada ya sikukuu kwa sababu mtu mmoja ametembea kwenye matope akiwa ameiacha familia yake. Baraza la wazee linalokumbuka kumpangia likizo yake Januari, na kumwandalia wa kumshikia nafasi, humtendea haki. Pasipofanyika hivyo, siku zake hupita bila kuchukuliwa.

Kwa hesabu ya mwezi, Desemba ya mwaka 2033 Idd na Krismasi zitakaribiana tena.