Kabla Hujamwita Mkaidi: Historia Fupi ya Homoni ya Msongo

Umeshawahi kumsikia mtu mzima akisema, "Huyu mtoto tangu aanze kubalehe haambiliki"? Basi hata sayansi ilianzia hapo hapo. Mwaka 1904 mwanasaikolojia wa Marekani, G. Stanley Hall, alitoa kitabu cha juzuu mbili kuhusu ujana, akauita kipindi cha dhoruba na misukosuko. Kwake yeye, vurugu zilikuja na umri.

Sasa twende Montreal, Kanada. Mwaka 1936 Hans Selye aliandika kuhusu panya aliowatesa kwa njia mbalimbali: baridi, majeraha, mazoezi kupita kiasi, sumu. Alipowapasua akakuta mambo yaleyale: tezi zinazokaa juu ya figo zimevimba, tezi ya kinga iliyo kifuani imesinyaa, tumbo lina vidonda. Yaani mateso tofauti, jibu la mwili moja. Jibu hilo ndilo leo tunaliita msongo.

Miaka hiyohiyo, Edward Kendall huko Marekani na Tadeus Reichstein huko Uswisi walikuwa wakizitenga homoni za tezi hizo. Mwaka 1950 walipata Tuzo ya Nobel pamoja na Philip Hench. Homoni kuu ya msongo kwa binadamu ni kortisoli, na wala si adui: asubuhi hupanda, usiku hushuka, na ukipata hatari inakuongezea sukari kwenye damu upate nguvu. Mwaka 1968 Bruce McEwen na wenzake, New York, walionyesha kwamba homoni ya aina hiyo kwa panya inanasa kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoshughulika na kumbukumbu. Kumbe msongo unafika mpaka kichwani!

Lakini kwa watoto utapimaje? Ukimchoma sindano, sindano yenyewe inamtia hofu. Ndiyo maana kupima kortisoli kwenye mate, njia iliyoenea kuanzia miaka ya 1980, kulifungua mlango.

Mwaka 2000 ukatoka utafiti wa wavulana 38 wa miaka 7 hadi 12 waliopelekwa kliniki kwa tabia zao. Ungetegemea wakorofi wawe na kortisoli nyingi, si ndiyo? Ikawa kinyume: waliokuwa na ugomvi wa kudumu ndio waliokuwa na kidogo. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote, na hadi leo kipimo cha mate hakiwezi kukwambia mtoto ana tatizo gani.

Hata hivyo, wapo watafiti wanaoeleza hivi: kwa baadhi ya watoto kengele ya hatari mwilini inalia kwa sauti ndogo, ama walizaliwa hivyo, ama imelia mno hadi imechoka. Kama ni kweli, fikiria mtoto wa darasa la sita anayechapwa kila wiki na habadiliki. Tunamwongezea hofu, wakati huenda mwili wake hauisikii tena. Kabla ya kiboko kingine, muulize kwanza analala vipi, na nyumbani kuna nini.