Kumbukumbu za Polisi na Mamlaka ya Mahakama mjini Guangzhou

Guangzhou, jiji ambalo wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki wanalifahamu kwa maduka ya mtaa wa Xiaobei, lilitangulia miji mingine ya China kutunga kanuni za kuzilazimu ofisi za serikali kutoa taarifa zake kwa umma, nazo zilianza kutumika tarehe 1 Januari 2003. Machi mwaka huohuo kijana Sun Zhigang, aliyekuja jijini kufanya kazi, alikamatwa na polisi kwa kukosa kibali cha ukaazi wa muda, akafa kizuizini siku tatu baadaye, na umma ukafahamu mazingira ya kifo chake kupitia gazeti la Nanfang Dushi Bao. Utaratibu wa kuwakamata na kuwarudisha makwao watu wasio na vibali ulifutwa na Baraza la Serikali kabla ya mwaka kwisha, lakini swali la nani anaweza kuwalazimisha polisi kufungua majalada yao halikupata jibu kwa wepesi huo.

Kanuni za taifa zima kuhusu taarifa za serikali, zilizotangazwa mwaka 2007 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2008, zilimruhusu mwombaji aliyenyimwa taarifa kufungua shauri la kiutawala, yaani shauri ambalo raia huishtaki ofisi ya serikali kwa uamuzi wake. Mahakama ya Wilaya ya Yuexiu, katikati ya Guangzhou, ilionyesha mwaka 2011 jinsi haki hiyo inavyoweza kuwa na nguvu: iliamua kwamba Idara ya Uchukuzi ya mkoa wa Guangdong ilivunja sheria kwa kuchelewa kujibu ombi lililowasilishwa kwa njia ya intaneti, kwa sababu muda wa kujibu ulianza pale mfumo wa serikali ulipomthibitishia mwombaji kuwa ombi limepokelewa, hata kama karani hakuwa amelifungua. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Umma, iliyo ya juu kabisa nchini, iliufanya uamuzi huo kuwa mwongozo kwa mahakama zote.

Kwa polisi, hata hivyo, mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa Ofisi ya Usalama wa Umma inabeba majukumu mawili. Inapoandikisha wakazi, kutoza faini za barabarani au kushughulikia vibali vya wageni, ni ofisi ya utawala kama nyingine. Inapopeleleza jinai, inafanya kazi chini ya sheria ya mwenendo wa mashauri ya jinai, na tafsiri ya Mahakama Kuu ya mwaka 2000 ilikwisha kuyatoa matendo ya namna hiyo nje ya mamlaka ya majaji wa kiutawala. Miongoni mwa mashauri kumi ya mfano yaliyotangazwa mwaka 2014 limo moja dhidi ya Wizara ya Usalama wa Umma, ambalo lilithibitisha kwamba waraka uliotokana na kazi ya jinai hauhesabiwi kuwa taarifa ya serikali. Kwa hiyo mkazi anayeomba maelezo ya mwenendo wa kituo cha polisi hujikuta akibishana kwanza kuhusu aina ya jalada, na hoja ya haki yake huenda isifikiwe kabisa. Marekebisho ya kanuni za taarifa ya mwaka 2019 yaliubana mlango zaidi, maana yaliruhusu hata majalada ya utekelezaji wa sheria za kiutawala kutotolewa.

Badiliko lililokuwa na manufaa ya wazi lilihusu mahali pa kushtaki. Mahakama za wilaya zilitegemea serikali za wilaya kwa bajeti na watumishi, hali iliyomweka jaji katika wakati mgumu kila mshtakiwa alipokuwa mkuu wa eneo lake. Sheria ya mashauri ya kiutawala iliyorekebishwa mwaka 2014 iliruhusu mahakama maalumu kuvuka mipaka ya wilaya, na kuanzia Januari 2016 mashauri ya kiutawala ya Guangzhou yalikabidhiwa Mahakama za Usafiri wa Reli, taasisi zilizoanzishwa kushughulikia mambo ya reli na ambazo hadi mwaka 2012 zilikuwa nje ya mfumo wa kawaida wa mahakama. Tangu hapo aliyeishtaki ofisi ya polisi ya Yuexiu au Tianhe alikwenda kwa majaji wasiolishwa na wilaya hiyo, na hilo lilikuwa jambo la haki.

Mgeni ana njia fupi zaidi, tena ya hasara: sheria ya kuingia na kutoka nchini, inayotumika tangu Julai 2013, inasema uamuzi wa polisi wa kukataa kuongeza muda wa viza ni wa mwisho, na anayezuiliwa kwa uchunguzi anaishia kwenye mapitio ya kiutawala, yaani rufaa ndani ya serikali, bila kufika mahakamani.

Raia naye sasa anaanzia hukohuko. Sheria mpya ya mapitio, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2024, imeagiza kwamba anayenyimwa taarifa apeleke kwanza malalamiko serikalini. Mahakama ya reli haiwezi kulipokea shauri lake dhidi ya polisi wa Guangzhou kabla hajapita hatua hiyo.