Rau, Mto (ubora wa maji)
Mto wa miteremko ya kusini ya Kilimanjaro, upitao mashariki ya Moshi na Msitu wa Rau wenye mivule hadi mashamba ya mpunga ya Mabogini. Umo katika bonde la Pangani. Masika, kingo zikiporomoka, maji hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Tope hilo hubeba fosforasi na vimelea, hivyo sampuli ya kiangazi pekee hudanganya. Chupa ya kemia husuuzwa mara 3 kwa maji ya mto; ya vimelea, iliyotakaswa, haisuuzwi kamwe, nayo hukaa kwenye barafu. Floridi hupimwa pia, kwa kuwa miamba ni ya volkano: kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita.