Maalim Seif na sura isiyoandikwa

Ukisimama bandarini Wete maji yakiwa yamekupwa, Mtambwe unaiona pale ng'ambo, katikati matope na mikoko. Huko, Nyali, ndiko alikozaliwa Seif Sharif Hamad mwaka 1943, na ndiko alikorudishwa kuzikwa Februari 2021. Ya katikati tunayajua, au tunajidai kuyajua: Waziri Kiongozi kuanzia 1984 hadi 1988, kufukuzwa CCM, jela, CUF, na kugombea urais wa Zanzibar mara sita.

Nimekisoma tena kitabu cha G. Thomas Burgess cha mwaka 2009, chenye kumbukumbu za Ali Sultan Issa na za Maalim Seif pamoja. Nusu ya Maalim naipenda kwa utulivu wake. Anazungumza kama mtu aliyesomesha kweli, na alisomesha, skuli ya Fidel Castro hapa hapa Pemba. Ila kitabu kimetoka mapema mno. Mwaka uliofuata Maalim akakalia kiti ambacho hakuna kumbukumbu yake humo.

Novemba 2009 alikutana na Rais Karume, wakapatana. Julai 31, 2010 Wazanzibari wakapiga kura ya maoni, na takriban theluthi mbili wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Maalim akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Sasa tazama alichopewa: mazingira, dawa za kulevya, ukimwi, watu wenye ulemavu. Fedha haimo, ardhi haimo, hata misitu iko wizara nyengine. Nakiri, na mimi nilidhani kapewa makombo.

Lakini hebu tazama yaliyotoka ofisini humo. Sera ya mazingira ya 2013. Mkakati wa mabadiliko ya tabianchi wa 2014. Kisha Sheria Namba 3 ya 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1996 na kuunda ZEMA, mamlaka ya kusimamia mazingira. (Marufuku ya mifuko ya plastiki si yake, ilianza 2006. Sisi tukimsifu marehemu hutaka kumvisha kila kanzu.) Bila shaka karatasi hizo ziliandikwa na wataalamu, yeye hakukaa akaziandika kwa mkono wake. Ofisi, hata hivyo, ilikuwa yake.

Na kwa Pemba hayo si mambo ya semina. Bahari ya bamvua inapanda mabondeni, inaingia kwenye mpunga, na bonde likishaonja chumvi halirudi upesi. Mkulima anapiga tuta, maji yanalivunja, anapiga jengine. Kinga ya karibu ni mkoko. Na mkoko ndio huo huo boriti ya nyumba, kuni za jikoni, makaa, moto wa kuchomea chokaa. Anayeukata si tajiri wa kutoka mbali, ni jirani. Khasa hapa ndipo ninapotamani Burgess angerudi na kinasa sauti chake: mwanasiasa ambaye kura zake nyingi zinatoka Pemba anawezaje kumwambia Mpemba auache mkoko, na jioni ile mwanamke apikie nini? Kugombana na CCM alikuzoea. Hili lilikuwa la nyumbani.

Hakupewa muda wa kulijibu. Oktoba 28, 2015 uchaguzi ukafutwa, chama chake kikasusia marudio ya Machi 2016, na yeye akatoka ofisini. Sheria ikabaki kwa wengine kuitekeleza.

Desemba 2020, baada ya uchaguzi mwengine wenye machungu, akarudi kiti kile kile, safari hii kwa tiketi ya ACT-Wazalendo. Wako wafuasi wake ambao hawajamsamehe kwa kurudi, na sidhani kama wana wajibu wa kumsamehe. Alikaa miezi miwili na siku kidogo. Tarehe 17 Februari akafariki.

Waliomwandika hadi leo wengi wanaanzia kwenye sanduku la kura au kwenye gereza. Mimi atakayeiandika sura ile ya 2010 hadi 2015 ningemkalisha kwanza bandarini Wete siku ya bamvua, kisha nimvushe kwa mashua hadi Mtambwe, akaulize wenye mabonde.