Kifo cha ghafla: kile munganga anakuta ndani ya moyo

Mtu anaamka vizuri, anakula, anaenda shamba ao kucheza mpira, kisha anaanguka na kufa palepale. Hapa Kivu, neno la kwanza kwenye kilio mara nyingi ni «karuho», ile sumu inayoogopwa sana. Jirani ao mukemwenza anaanza kutazamwa kwa jicho baya, na pengine vijana wanamuendea na mawe mbele munganga hajasema kitu. Lakini maiti ikipasuliwa ili kutafuta chanzo cha kifo, kazi inayoitwa otopsi, mara nyingi jibu linakutwa kwenye moyo.

Wapenda mpira wanamkumbuka Marc-Vivien Foé wa Kamerun. Tarehe 26 Juni 2003, mjini Lyon, Ufaransa, katika nusu fainali ya Kombe la Mashirikisho na Kolombia, alianguka dakika ya 72, katikati ya uwanja, bila kuguswa na mtu. Alikuwa na miaka 28. Otopsi ya kwanza haikutoa jibu. Ya pili ilionyesha kwamba misuli ya moyo wake ilikuwa imenenepa kupita kiasi. Moyo wa namna hiyo unaweza kupiga vizuri miaka na miaka, halafu siku moja mpigo unavurugika: unatetemeka tu bila kusukuma damu, na mtu anazimia kwa sekunde chache. Mara nyingi ugonjwa huu ni wa kurithi. Mzazi akiwa nao, kila mtoto ana bahati moja kwa mbili ya kuupata. Ndiyo maana vifo vinaweza kufuatana katika jamaa moja, na watu wanasema imelogwa.

Kwa watu wazima, mara nyingi inakutwa mishipa ya moyo iliyozibwa na mafuta, ao moyo ulionenepeshwa na tansio ya siku nyingi. Moyo wa mwanaume una gramu 300 hivi. Wa mwenye tansio unaweza kupita 500.

Hata hivyo, kukuta ugonjwa si kusema ndio uliua. Mwaka 1953 waganga wa Marekani walitangaza uchunguzi wa maiti 300 za askari waliouawa katika vita vya Korea. Umri wao wa wastani ulikuwa miaka 22, lakini 77 kwa mia walikuwa na alama za ugonjwa kwenye mishipa ya moyo. Kwa hiyo munganga anauliza pia namna mtu alivyokufa, na kama kuna shaka ya sumu, anatuma damu na vya tumboni kwa laboratware. Sumu nyingi hazionekani kwa macho tu. Na kuna mioyo iliyosimama kwa kuvurugika kwa mpigo ambayo, ikipasuliwa, inaonekana mizima kabisa.

Mwenye kuzimia akikimbia, kuumwa kifua, ao mwenye ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana, aombe kupimwa tansio na kupitishwa kwenye mashine inayochora mapigo ya moyo. Na mtu akianguka, hapumui wala haitiki, asimwagiwe maji: akandamizwe katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike.